Mjengo wa Mtoni: Watu Elfu Ndani, Majina ya Kuhesabu

Wadau wa kwenda Zanzibar kula bata, ratiba wanaijua. Jioni Forodhani, wikiendi Nungwi, picha moja mbele ya mlango wa njumu Mji Mkongwe, mchezo umeisha. Ila kuna daladala za Bububu zinazopita karibu kabisa na kasri kongwe kuliko makasri yote ya masultani wa Unguja, na abiria walio wengi hawageuzi hata shingo. Wako kwenye simu. Pengine wanaangalia kasri la Uingereza.

Si kosa lao sana. Kilichobaki pale hakipigi kelele. Ni kuta za mawe zilizokwanguliwa na mvua, matao, vyumba visivyo na paa, na bahari upande wa pili. Hakuna kiti cha enzi wala dhahabu. Lakini kama kuna nyumba Afrika Mashariki inayostahili kuitwa mjengo kwa lugha ya mjini, basi ni hii.

Jina lake ni Beit el Mtoni, yaani nyumba ya Mtoni, na jina linatokana na kijito kilichopita hapohapo kikienda kumwaga maji baharini. Iko kilomita kama 5 kaskazini mwa Mji Mkongwe. Ilijengwa kati ya 1828 na 1834 kwa ajili ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman ambaye alikuja Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, akaonja upepo wake, akapiga hesabu ya karafuu na pembe za ndovu, akaona Muscat inaweza kusubiri. Mjini alikuwa na nyumba nyingine, Beit el Sahel, kwa ajili ya kazi na wageni. Mtoni ndiyo ilikuwa nyumba ya shamba, ile ya kukimbilia mtu akichoka na bandari: minazi, maji matamu, hewa safi. Tofauti na nyumba za shamba za kina baba zetu ni kwamba mwenye hii alikuwa na meli za kivita zinatia nanga mbele ya baraza.

Shamba lenyewe halikuwa lake tangu mwanzo. Linatajwa kuwa la Saleh bin Haramil, tajiri wa Kiarabu anayehesabiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupanda karafuu Unguja. Mali ya Saleh ikaishia mikononi mwa Sultani, kama mali za watu wanaotajirika haraka karibu na mkubwa zinavyoishiaga.

Sasa sikia hii. Wakati nyumba imechangamka, ndani yake waliishi watu wanaokadiriwa kuwa elfu moja. Siyo mtaa wala kijiji, nyumba moja. Elfu moja wanaoga, wanakula, wanagombana, wanazaa, wanaugua, wanapanda na kushuka ngazi zilezile. Ukiwatafuta leo kwa majina, unapata familia ya Sultani, mama wachache wa watoto wake, watumishi wawili watatu, halafu kimya.

Na hao wachache tunawajua kwa sababu ya msichana mmoja aliyevunja sheria ya nyumba.

Alizaliwa hapo Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, akaitwa Salme. Alikuwa mmoja wa watoto wa mwisho wa Sayyid Said. Wenye kupenda stori za mapenzi wanamjua tayari: ndiye bintimfalme aliyependana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akashika mimba, akatoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo, akaenda kuishi Hamburg. Mume akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akamwachia watoto watatu na baridi ya Ulaya. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa kila siku, na inauza.

Sehemu isiyouza sana ndiyo kubwa zaidi. Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Ilionekana kalamu mikononi mwa mwanamke ni hatari, na ukifikiria yaliyotokea baadaye, waliokuwa na hofu hiyo walikuwa wanaona mbali. Salme akajifundisha kwa siri, akiiga herufi za msahafu kwenye mfupa bapa wa bega la ngamia. Miaka ikapita, akiwa mjane Ujerumani, akaandika kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, kikachapishwa mwaka 1886. Ndani yake kuna Mtoni nzima: ua, bafu, wanyama, ngazi, wake, watumwa. Makasri mengi ya masultani yameelezwa na wageni waliokaribishwa kahawa sebuleni wakaondoka. Hili limeelezwa na mtu aliyejifunza kutembea ndani yake.

Kwa hiyo ingia naye.

Katikati ulikuwa ua mkubwa, na huo ua ulikuwa kama mbuga. Paa, tausi, kanga, bata, mabata bukini, flamingo na mbuni walizunguka wenyewe bila kufungwa. Watoto waliokota mayai, na yai la mbuni lilikuwa la kupelekwa kwa mpishi mkuu, anayejua namna ya kumfurahisha mtoto aliyemletea. Salme anawakumbuka mbuni hao kuliko anavyowakumbuka baadhi ya kaka zake.

Upande mmoja wa ua kulikuwa na safu ya mabafu, zaidi ya kumi, yanayolishwa na maji ya kijito. Usifikirie bafu la ndoo na kata. Kila moja lilikuwa na mabirika makubwa ya kuingia mwili mzima, maji yanafika kifuani, na pembeni viambaza vya mawe vya kupumzikia. Watu walikwenda kuoga wakakaa saa nzima na zaidi: wanaswali, wanalala, wanapiga soga, wanakula. Wasichana wa leo wanalipia huduma kama hiyo hotelini na kuita kujipenda. Pale ilikuwa Jumanne ya kawaida, kwa wenye haki ya kuingia. Mbali kidogo palikuwa na hamamu ya Kiajemi, kazi ya kisanaa zaidi, mtindo ambao Sayyid Said aliupenda: mwaka 1850 akajenga hamamu nyingine Kidichi, juu mashambani, kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Ile ya Kidichi imesimama mpaka leo na nakshi zake za lipu unaweza kuziona.

Mbele kabisa, ikitazama bahari, ilikuwepo benjile. Hiki kilikuwa kibanda kikubwa cha mviringo, kama mnara mfupi, cha mbao zilizopakwa rangi, kilichojengwa kukamata upepo. Sultani alikaa humo na familia kunywa kahawa. Au alitembea humo peke yake, huku na huku, kichwa kimeinama, anachechemea kidogo kwa sababu ya jeraha la vitani. Mtoto wake alimwona hivyo, akahifadhi. Ni picha isiyopatikana kwenye mkataba wala barua ya balozi yeyote: mtu aliyetawala pwani ndefu hivi, anazunguka kibandani kama baba mwenye madeni.

Sasa ngazi. Hapo ndipo utaielewa hii nyumba ilivyokuwa. Ilikuwa kubwa mno kwa idadi ya ngazi zake, na watu mamia walipanda na kushuka mfululizo, hata ikabidi mtu asimame chini kusubiri nafasi ya kupita. Kwa fundi wa leo hilo ni kosa la ramani. Kwa anayetaka kujua maisha ya watu, ngazi hiyo ni dhahabu: ndiyo sehemu pekee ambapo mke wa Sultani, mtoto wa suria, mpishi na mtumwa mwenye mtungi kichwani walilazimika kukutana ana kwa ana, tena kwenye upana mdogo.

Na walikutana wakizungumza lugha gani? Zote. Kiarabu ndicho kilikuwa rasmi, hasa mbele ya Sultani. Akigeuka tu, nyumba nzima ilirudi kwenye Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi na Kinubi. Yaani Kariakoo siku ya Jumamosi, ila ndani ya kuta.

Tuje kwenye kuta zenyewe, maana watu husema majengo ya kale halafu wanaishia hapo.

Nyumba za mawe za pwani hii zinajengwa kwa jiwe la matumbawe, lile jiwe lenye matundu matundu linalochimbwa Unguja popote pale. Ni jepesi, linakatika vizuri, na baya kwa magoti ya mtoto anayeanguka. Kinachoyashika mawe ni chokaa. Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale, ila yamepandishwa juu ya tanuu la magogo na kuchomwa siku kadhaa hadi yakageuka unga, kisha yakatiwa maji na kuachwa yaive. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Kuna wa kukata magogo, wa kuchimba jiwe, wa kubeba, wa kukesha na moto, wa kuchota maji. Ukuta unatoka mnene, nusu mita na zaidi, na ndiyo maana ukiingia ndani ya nyumba ya namna hiyo mchana wa Januari unahisi kama mtu kafungua friji.

Juu ya ukuta zinalazwa boriti za mikoko, miti ambayo delta ya Rufiji imeiuza hadi Ghuba kwa karne nyingi. Hapa kuna siri ndogo ambayo ukishaijua hutaangalia tena nyumba ya pwani kwa macho yaleyale. Boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba dari haivuki sana mita 2.5 hadi 3. Kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko hapo. Kinaweza kuwa kirefu unavyotaka, lakini upana umeshaamuliwa na mti. Sultani mwenye meli, mashamba na mikataba, chumba chake kilikuwa na upana uleule wa chumba cha tajiri wa kawaida wa Mji Mkongwe, maana hakuna amri ya kifalme inayorefusha mkoko. Utajiri ilibidi uonekane kwingine: ukuta uliochongwa zidaka, ndani ya zidaka vyombo vya kaure na bilauri zilizopangwa, vioo vikubwa kutoka sakafuni hadi juu, na saa za ukutani za kila namna. Vyumba havikuingiliana. Kila kimoja kilifungukia kwenye baraza ndefu iliyotazama ua, na baraza hiyo ndiyo ilikuwa barabara, sebule na gazeti la umbea la nyumba nzima.

Halafu sakafu. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, juu yake humwagwa chokaa na kokoto, kisha hupigwa. Kupiga sakafu pwani ilikuwa kazi ya kundi. Watu walijipanga safu na magongo, mara nyingi wanawake, wakapiga kwa mwendo mmoja, kwa wimbo, siku baada ya siku, mpaka ile rojo ikawa ngumu kama jiwe na maji hayapiti. Ukisimama juu ya sakafu ya namna hiyo umesimama juu ya mapigo ya mikono maelfu. Waliopiga za Mtoni hakuna aliyeandika walikuwa kina nani.

Si kwamba hatujui hali yao. Hii ilikuwa Unguja ya miaka ya 1830, karafuu zinapanda bei, watu wanashushwa kutoka bara kwa minyororo. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1897. Mtoni ilijengwa na kuendeshwa ndani ya utaratibu huo. Maji ya yale mabafu mazuri yalikuwa na wa kuyasafisha. Mayai ya mbuni yalikuwa na wa kuyapika. Na Salme, pamoja na utamu wote wa kalamu yake, kwenye kitabu anautetea utumwa, anaona Wazungu wanaukuza, anadai watumwa wa Kiarabu walitendewa vyema. Hapo si mtu wa kumwamini. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba, na mtoto wa mwenye nyumba haoni vitu fulani hata vikiwa mbele ya macho yake.

Ila mama yake aliviona.

Aliitwa Jilfidan, Mcherkesi kutoka Kaukazi. Alikuwa mtoto mdogo vita vilipofika kwao, wazazi wakauawa, yeye na nduguze wakabebwa na kutenganishwa. Hakuwaona tena. Akauzwa, akafika Unguja katika nyumba ya Sultani akiwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza la utoto lilimng'okea hapo. Akalelewa na mabinti wa Sultani wa umri wake, akakua, akawa suria. Kwa sheria ya nyumba zile, suria aliyezaa mtoto wa bwana, mtoto ni huru na ana haki zake, na mama anakuwa huru bwana akifa. Kwa hiyo mtu huyo alikuwa mtumwa na mama wa bintimfalme kwa wakati mmoja. Akafa kwa kipindupindu kilichoipiga Unguja mwaka 1859.

Jilfidan ana jina kwa sababu moja tu: alizaa mtu aliyejua kuandika. Masuria wengine wa Mtoni walikuwa wengi, wa Kihabeshi na wa Kicherkesi, kila upande na wivu wake. Sayyid Said alipokufa aliacha watoto 36. Hesabu kina mama zao mwenyewe. Walio wengi hawakuzaa mwandishi.

Juu ya wote alikaa Bibi Azza binti Seif, mke wa ndoa, wa ukoo wa kifalme wa Oman. Mfupi wa kimo, hana mtoto, na ndani ya kuta za Mtoni neno lake lilikuwa la mwisho, hata Sultani hakulipinga kirahisi. Kila asubuhi watoto na wakubwa walikwenda kumwamkia. Mbele yake hukai. Salme hakumpenda na wala hafichi. Lakini jiulize, mwanamke asiye na mtoto katika nyumba yenye watoto wa masuria kila ngazi, angeshika nini zaidi ya itifaki? Kila nyumba kubwa ina bibi wa namna hii, na kila mara anasimuliwa na watoto wa wenzake.

Salme aliondoka Mtoni akiwa na miaka saba, mama yake alipohamia mjini kwenye nyumba ya Majid, kaka yao. Mwaka 1856 Sayyid Said akafa baharini akirudi kutoka Oman, karibu na Shelisheli. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kufa pia, kwa sababu hakuna mwana aliyeitaka kweli. Majid alikuwa na mambo yake, akaanza hata kujenga mji mpya bara, ndio huu wa Dar es Salaam. Barghash akajijengea Marahubi, kusini mwa Mtoni, halafu mwaka 1883 akasimamisha Beit el Ajaib pale Forodhani, na nguzo zake za chuma. Watoto wa matajiri hawakarabati nyumba ya baba, wanajenga yao. Hilo halijabadilika.

Salme aliporudi Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1885, alikwenda Mtoni. Akakuta nyumba aliyozaliwa sehemu kubwa imeshakuwa gofu. Ngazi, zile ngazi za kugombania, moja imeanguka kabisa na nyingine majani yameimeza. Hapo zilikuwa zimepita miaka chini ya 30 tangu baba yake afe. Kumbuka hesabu hiyo kila mtu anaposema majengo yetu yameharibika kwa sababu ni ya zamani sana. Nyumba ya chokaa ikitunzwa inamaliza karne. Isipotunzwa, kizazi kimoja kinatosha.

Mwaka 1914 moto ukala sehemu kubwa ya kilichobaki. Baadaye eneo likatumika kama bohari, na matangi ya mafuta yakapata makazi jirani. Na mwaka 2000, Mji Mkongwe ulipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mstari wa mpaka uliuzunguka mji. Mtoni iko nje ya mstari huo.

Kwa nini magofu ya namna hii yanakwenda haraka? Ukuta wa matumbawe na chokaa una adui mkubwa mmoja, nayo ni mvua inayoingilia juu. Paa likiwepo na lipu ikiwepo, ukuta unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Paa likiondoka, masika yanaingia katikati ya ukuta, yanaosha chokaa na udongo wa ndani, mawe yanabaki yameegemeana kwa mazoea. Mbegu ya mti inadondoka kwenye ufa, mzizi unafanya kazi ya nyundo. Halafu anakuja msamaria mwema na saruji, anaziba. Saruji ni ngumu na haipumui, unyevu na chumvi ya bahari vinakwama nyuma yake, jiwe linaoza kimyakimya huku nje panapendeza kwenye picha. Dawa ya chokaa ni chokaa, na mafundi wanaojua kuiivisha wanazidi kuzeeka.

Tena hii siyo habari ya magofu tu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jengo maarufu kuliko yote Zanzibar, liko ndani ya mpaka wa UNESCO, katikati ya ukarabati, iliporomoka mchana kweupe. Watu wawili walipoteza maisha. Kama lile limeanguka na dunia inatazama, fikiria la kando ya barabara ya Bububu.

Sasa kuna hoja inayosikika Unguja na Bara, na ina uzito. Kwamba hizi ni nyumba za mabwana wa watumwa, Mapinduzi ya 1964 yaliwaondoa wenyewe, kwa nini fedha ya hospitali ikanunue chokaa ya kuwapamba masultani? Mwenye kusema hivyo si mjinga, na anastahili jibu, siyo kuitwa mshamba.

Jibu ni kuangalia nani atapoteza nini. Sayyid Said yuko salama. Ana kaburi Mji Mkongwe. Ana mkataba na Marekani wa mwaka 1833. Ana meli yake, Sultana, iliyotia nanga New York mwaka 1840 na kuwashangaza watu wa kule. Ana vitabu, barua na michoro katika makumbusho ya nchi kadhaa. Salme naye ana kitabu, aliwekewa chumba chake katika makumbusho ya kasri pale Forodhani, ana watalii wanaofuata nyayo zake. Mtoni ikianguka yote leo usiku, hao wawili hawapungukiwi kitu.

Wanaopungukiwa ni wale elfu. Aliyekesha na tanuu, aliyebeba boriti, waliopiga sakafu kwa wimbo, aliyechota maji, suria wa Kihabeshi ambaye hakuzaa mwandishi, mtoto aliyesubiri chini ya ngazi na sinia. Hao hawana barua, hawana kaburi linalojulikana, hawana picha. Kazi ya mikono yao imesimama ukutani pale, na ni kama ndiyo hati pekee waliyoiacha. Kulibomoa gofu kwa hasira dhidi ya mwenye nyumba ni kumfuta asiyewahi kuandikwa na kumwacha aliyeandikwa kila mahali.

Hilo pia linabadilisha namna ya kulionyesha. Kibao cha makumbusho kikisema tu kwamba hapa aliishi Sultani na hapa alizaliwa Bintimfalme, kimesema ukweli kwa asilimia ndogo ya wakazi. Ngazi ingestahili kibao kuliko benjile.

Kwa anayetaka kwenda, haihitaji safari ya kupanga wiki nzima. Kutoka mjini unafuata barabara ya Bububu, unapita Marahubi na nguzo zake zilizobaki baada ya moto wa 1899, na Mtoni haiko mbali na hapo. Nenda asubuhi kabla jua halijakomaa. Vaa viatu, si kandambili. Usipande juu ya kuta hata kama picha itatoka kali, kwa sababu umeshasoma kilichopo katikati ya ukuta usio na paa.

Picha piga, hakuna anayekataza uzuri. Ila kabla ya kugeukia bahari, ingia kwenye chumba chochote kirefu ukanyooshe mikono kwa upana. Utaona ni pembamba kuliko ulivyotarajia, na sasa unajua ni mti gani ulioamua. Tazama juu ya ukuta, kwenye mashimo pale boriti zilipokaa. Kila shimo lilikuwa na boriti, na kila boriti ilifika pale juu ya bega la mtu. Anza kuhesabu upande wa kushoto.